Kutoka Rugenge hadi Istanbul: Maandalizi ya Safari ya Kupandikiza Nywele

Maandalizi ya mtu wa Uvira, mji wa Kivu Kusini nchini Kongo, anayekusudia kusafiri ili apandikizwe nywele hufanyika kwa sehemu kubwa katika mitaa ya mji wake mwenyewe, kwa kuwa mambo mengi yanayoamua kama upasuaji huo utafanikiwa au utamwachia makovu huwa yamekwisha kujulikana, au yangeweza kujulikana, kabla hajafika mpaka wa Burundi huko Kavimvira. Rugenge ni mmojawapo wa mitaa hiyo, katika mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, ambao mito ya Mulongwe na Kalimabenge huukata kabla ya kumwaga maji yake ziwani, na ambao watu wake wamezoea kufuata matibabu makubwa mbali: Bukavu, Bujumbura, na kwa wenye uwezo Nairobi, Dar es Salaam, India au Uturuki. Makala haya yanaifuata safari hiyo tangu kiti cha kinyozi hadi Istanbul na kurudi, na yanashikilia hoja moja, kwamba msafiri mwenye nywele za kipilipili, yaani zinazojikunja tangu zikiwa ndani ya ngozi, anapaswa kumaliza sehemu ngumu ya maandalizi yake nyumbani, pamoja na kuwa tayari kuambiwa kwamba asiende.

Upandikizaji wa nywele ni upasuaji wa ngozi ya kichwa ambao kwao vinyweleo, yaani vijifuko vinavyozalisha nywele chini ya ngozi, huondolewa mahali zilipo nywele nyingi na kuhamishiwa mahali palipopungua au palipokwisha kabisa. Vinyweleo havikai kimoja kimoja; huota katika vishada vyenye nywele moja hadi nne, na kishada ndicho kipimo ambacho madaktari hukitumia wanapohesabu kazi yao. Mahali pa kuchukulia, ambapo hapa pataitwa eneo la akiba, ni kisogo na pande za kichwa juu ya masikio, kwa sababu nywele za huko kwa kawaida hazidhuriwi na dihaidrotestosteroni, homoni itokanayo na testosteroni, ambayo kwa watu wenye urithi wa upara huvidhoofisha vinyweleo vya paji na utosi hadi nywele zikabaki malaika tu. Daktari Norman Orentreich wa New York, aliyeanza upasuaji wa namna hii mwaka 1952 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1959, alionyesha kwamba nywele iliyotolewa kisogoni huendelea na tabia ya kisogoni hata ikipandwa utosini, na juu ya ugunduzi huo kazi yote ya leo imejengwa. Linalosahaulika kwa urahisi ni kwamba hakuna kinachoongezeka. Kipande cha mti wa muhogo kikipandwa huzaa shina jipya, na mti uliotoa kipande hicho ukabaki na vingine vya kupanda, lakini kishada kilichotolewa kisogoni hakioti tena pale kilipotoka, na kikikatwa vibaya wakati wa kutolewa huenda kisiote popote.

Kabla ya Orentreich alikuwako Shoji Okuda, daktari wa ngozi wa Japani, ambaye mwaka 1939 alieleza jinsi alivyotumia vyuma vya duara vyenye makali kutoa vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvipanda penye makovu. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, Vita vya Pili vya Dunia vikaendelea, na kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani hawakuyajua. Asili hiyo inafaa kukumbukwa Uvira kuliko mahali pengi. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi kwenye barabara iendayo Bukavu, mafuta yakamwagika na kushika moto usiku, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengine wao wakiwa wamejaa kwenye vibanda vya kutazamia mechi ya Kombe la Dunia. Moto wa namna hiyo, pamoja na uji unaochemka na makaa ya mbabula ambayo huunguza watoto majumbani kila mwaka, huacha kichwani kovu lisilo na kinyweleo hata kimoja, na mtu aliyeunguzwa utotoni huishi na kovu hilo mbele ya macho ya watu maisha yake yote. Kwa hiyo si haki kuuhesabu upasuaji huu kuwa anasa ya wenye fedha wanaochukia kuzeeka, na si haki pia kumcheka kijana ambaye upara umemwanza akiwa na miaka ishirini na kitu na ambaye anaona haya kuvua kofia.

Kovu la moto lina masharti yake. Sharti la kwanza ni kwamba liwe limekomaa, jambo ambalo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja au zaidi tangu kidonda kufunga, na la pili ni kwamba daktari akubali kupanda vishada vichache kwanza na kusubiri miezi kadhaa aone kama vimeshika, kwa kuwa ngozi ya kovu hupitisha damu kidogo na haiwezi kulisha vishada vingi vilivyobanana. Anayeahidi kulifunika kovu zima kwa siku moja hajafikiri vya kutosha juu ya damu itakayovilisha vishada hivyo.

Kwa wengine wote, swali linalotangulia mengine yote ni kwa nini nywele zimepotea, na swali hili hujibiwa vibaya mara nyingi kwa sababu upara wa kurithi umezoeleka kiasi cha kuficha magonjwa mengine. Upara wa kurithi wa wanaume una sura inayojulikana, ambayo James Hamilton aliipanga katika ngazi mwaka 1951 na O'Tar Norwood akaiboresha mwaka 1975, kuanzia kurudi nyuma kidogo kwa mstari wa paji hadi ngazi ya saba, ambapo hubaki ukanda wa nywele tu kuzunguka kichwa. Nywele zinazodondoka kwa wingi miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, upasuaji au kujifungua ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa vinyweleo vimepumzika tu na vitarudi vyenyewe, na kumpandikiza mtu wa namna hiyo ni kumkata bure. Mapunye, ugonjwa wa fangasi wa kichwa unaowashika zaidi watoto wa shule, hutibiwa kwa vidonge. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida kwa wanawake wa ukanda huu, nao hupunguza nywele.

Kuna sababu nyingine ambayo Kivu inaijua kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, miongoni mwao François Delange na André Ermans, walichunguza uvimbe wa tezi ya shingo katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, wakaonyesha kwamba ukosefu wa madini joto ulizidishwa makali na muhogo usioandaliwa vizuri, ambao sumu yake mwilini hugeuka kuwa thiosianeti na kuizuia tezi ya shingo isitumie madini joto machache yaliyopo. Tezi hiyo ikilegea, nywele hukauka na kupukutika, na hata nyusi hupungua kwenye ncha za nje. Chumvi yenye madini joto imeipunguza sana hatari hii, lakini mtu aliyelelewa kwa ugali wa muhogo na sombe katika milima ya Kivu ana kila sababu ya kupimwa tezi kabla ya kununua tiketi, na kipimo chenyewe ni cha damu tu.

Wanawake wanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa wao hupoteza nywele kwa njia mbili zinazofanana machoni lakini zinazotofautiana sana kwa daktari. Ya kwanza ni ya mvuto: misuko iliyokazwa, meshi nzito zilizoshonewa juu yake, na dawa za kunyoosha nywele huvuta na kudhoofisha mizizi ya pembezoni mwa paji na mbele ya masikio, na kwa wanawake wanaobeba mizigo kwa ukanda unaopita kichwani, kama ilivyo desturi katika milima ya Kivu, msuguano wa ukanda huongezeka juu ya hayo. Mvuto ukikomeshwa mapema nywele hurudi, na ukikomeshwa kwa kuchelewa sehemu hizo huweza kupandikizwa kwa matumaini mazuri, mradi msuko wa kukaza usirudiwe kamwe. Ya pili ni ugonjwa wa makovu unaoanzia katikati ya utosi na kutanuka pole pole kuelekea pembeni, mara nyingi pamoja na mwasho au maumivu kidogo, ambao huviua vinyweleo kwa uvimbe wa ndani na ambao umeandikwa hasa kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kwamba baadhi ya wagonjwa wake wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na ujenzi wa unywele. Kupandikiza juu ya ugonjwa huu ungali hai ni kuvitupa vishada motoni, na madaktari wengi hudai kwanza utulie kwa dawa kwa mwaka mzima au miwili. Kuzitofautisha hali hizi kwahitaji daktari wa ngozi, na wakati mwingine kipande kidogo cha ngozi kitazamwe kwa hadubini.

Daktari wa ngozi si rahisi kumpata. Hospitali Kuu ya Uvira inaweza kupima damu, shinikizo la damu, sukari na virusi, na hayo si madogo. Kwa mtaalamu wa ngozi msafiri hulazimika kutazama hospitali kubwa za Bukavu, au hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge mjini Bujumbura, au, akiweza kufika Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa Moshi mwaka 1992 kando ya hospitali ya KCMC, ambacho kimefundisha wahudumu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Safari ya Moshi ni ghali na ndefu, lakini ni nafuu mno ikilinganishwa na gharama ya kupandikizwa pasipostahili.

Baada ya ugonjwa kujulikana linakuja swali la nywele zenyewe, na hapa ndipo matangazo mengi ya kliniki za nje yanapomwacha Mwafrika gizani. Unywele wa Mzungu au wa Mwasia hushuka ndani ya ngozi karibu umenyooka, kwa hiyo mwelekeo wake nje ya ngozi humwonyesha daktari mahali mzizi ulipo. Unywele wa kipilipili hupinda chini ya ngozi kama unavyopinda juu yake, na mzizi wake unaweza kuwa pembeni kabisa ya pale chuma kinapoingilia. Zipo njia mbili za kuchukua vishada. Katika njia ya ukanda, ambayo matangazo huiita FUT, ukanda mwembamba wa ngozi hukatwa kisogoni, jeraha likashonwa, na wasaidizi wakavitenganisha vishada mezani kwa hadubini. Hubaki kovu la mstari, ila mkunjo wa mizizi huonekana kwa macho kabla ya kukatwa. Katika njia ya pili, iitwayo FUE, kila kishada hutolewa peke yake kwa chuma cha duara chenye kipenyo kisichofikia au kinachozidi kidogo milimita moja. Hakuna mstari, bali vitone vingi vidogo vya makovu, lakini chuma kilichonyooka kikizamishwa kwenye mzizi uliopinda huukata katikati. Madaktari kadhaa wamebuni vyuma na mbinu za kuufuata mkunjo huo, na mikononi mwao njia ya pili hufanya kazi vizuri kwa Waafrika. Mikononi mwa fundi aliyezoea nywele zilizonyooka, akiba ya mtu huharibiwa kwa saa chache.

Hesabu yenyewe inafaa kufanywa kwa kalamu. Eneo la upara lenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 5 lina sentimita za mraba 50, na likipandwa vishada 30 kwa kila sentimita ya mraba litataka vishada 1,500. Kikivunjika kimoja katika kila kumi, itabidi vitolewe karibu 1,670; kikivunjika kimoja katika kila vitatu, itabidi vitolewe 2,250, na kisogo kitapungukiwa na 750 ambavyo havikumfaa mtu yeyote. Nywele za watu wenye asili ya Afrika kwa wastani ni chache zaidi kwa kila sentimita kuliko za Wazungu, ingawa mkunjo wake hufunika ngozi vizuri na hivyo huhitajika vishada vichache kupata sura ya kujaa. Upara nao huendelea kutanuka baada ya upasuaji, na ndiyo maana kijana anayetaka mstari wa paji ushushwe hadi ulipokuwa akiwa na miaka kumi na mitano hupaswa kukataliwa kwa upole. Dawa zinaweza kupunguza kasi ya upara huo: minoksidili ya kupaka, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1988, na finasteridi ya vidonge, iliyoidhinishwa kwa upara wa wanaume mwaka 1997, ambayo mwanamke mjamzito hapaswi kuitumia wala kushika vidonge vyake vilivyovunjika kwa sababu ya hatari kwa mtoto wa kiume tumboni.

Mtu ajuaye kisogo cha msafiri kuliko daktari yeyote ni kinyozi wake. Katika kibanda cha kinyozi, ambako mashine hulia juu ya shingo iliyofungwa kitambaa na kichwa huinamishwa mbele kwa vidole viwili, mambo mawili huonekana ambayo hayaonekani kwenye picha ya simu inayotumwa kliniki. La kwanza ni vipele vigumu vya kisogoni, vinavyoanza kama vidonda vidogo baada ya kunyolewa karibu mno na ngozi, vikapona, vikarudi, na mwishowe vikawa vinundu vinavyosikika chini ya kidole kama chembe za mchanga wa pwani ya ziwa. Ni ugonjwa wa uvimbe na makovu unaokaa palepale kwenye eneo la akiba, na ukiwapo hai upasuaji haufai. La pili ni makovu yanayotuna kupita jeraha, yaitwayo keloidi, ambayo kwa mtu mwenye mwelekeo nayo yatakuwa yamekwisha jitokeza kwenye tundu la sikio, kwenye chanjo ya bega au kwenye chale. Mwenye dalili hizo, akishikilia kuendelea, afanyiwe kwanza jaribio la vishada vichache, kisha asubiri miezi mitatu au zaidi aone ngozi yake imejibu vipi. Kinyozi aombwe pia aziache nywele za kisogo zikue kwa wiki kadhaa kabla ya picha za tathmini kupigwa, kwa nuru ya mchana, nywele zikiwa kavu na bila mafuta.

Wiki mbili za mwisho ni za damu na dawa. Vipimo vinavyodaiwa karibu kila mahali ni vya wingi wa damu, kuganda kwake, sukari, virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B na C; kuambukizwa hakumfungii mtu mlango moja kwa moja, ila kuficha maambukizi kunawahatarisha watu wote chumbani. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao Kongo watu huuita SS, hana budi kumweleza daktari mapema, kwa kuwa dawa ya ganzi inayotumika, lidokaini, kwa kawaida huchanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa. Aspirini na ibuprofeni huachwa siku saba hadi kumi kabla, isipokuwa daktari wa moyo ndiye aliyeziandika. Vidonge vya vitamini E, pamoja na mitishamba inayouzwa sokoni bila jina, huachwa pia, na kadhalika sigara, ambayo nikotini yake huinyima ngozi damu, na pombe ya aina yoyote, iwe ya kiwandani au kasiksi. Vipodozi vya kung'arisha ngozi vinastahili kutajwa kwa daktari bila aibu, kwa sababu baadhi yake vina kortikosteroidi kali zinazokondesha ngozi na kuchelewesha kupona. Na kwa msafiri atokaye ufukweni mwa Tanganyika, kipimo cha malaria siku chache kabla ya kuondoka, pamoja na dozi ya dawa mseto mfukoni, ni jambo la lazima: homa itakayompanda usiku wa pili Istanbul itadhaniwa kuwa ya kidonda, na mahali pasipozoea malaria saa nyingi hupotea kabla mtu hajafikiria mbu.

Njia yenyewe ni fupi mwanzoni na ngumu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Bujumbura iko ng'ambo ya ncha ya ziwa, na barabara hupita Kavimvira, ikavuka mpaka hadi Gatumba, ikakatiza nyanda zinazofurika ziwa na mto Ruzizi vinapopanda, kisha ikaingia mjini. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1976 na Zaire, Rwanda na Burundi, iliwazoesha watu wa mipakani kuvuka kwa kibali chepesi, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Hata hivyo Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, Bukavu ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na mapigano yakafika Uvira yenyewe Desemba 2025. Katika mazingira haya tarehe ya upasuaji isiyoweza kusogezwa, na malipo ya awali yasiyorudishwa, ni mtego, na msafiri afanye mapatano na kliniki inayokubali kuahirisha. Pasipoti, viza ya Uturuki, kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano na majibu ya vipimo hukaa katika mfuko wa mkononi. Dola hukaguliwa noti kwa noti nyumbani, kwa kuwa yenye mchaniko hata mdogo hukataliwa Kongo. Mjini Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumba na ya msikiti, ni mahali pa kupumzika usiku mmoja bila kutafuta mkalimani. Kutoka hapo ndege huenda Addis Ababa au Nairobi, na kutoka huko Istanbul.

Istanbul imekuwa soko kubwa la upasuaji huu kwa sababu ya bei, ambayo kwa kawaida hufunga pamoja upasuaji, hoteli na usafiri wa kutoka uwanjani. Wafanyabiashara wa Kiafrika, Wakongomani wakiwamo, walikuwa wameijua njia hiyo zamani kwa ajili ya nguo za mtaa wa Laleli, na wengi wanaopandikizwa husikia habari kwao. Bei nafuu yenyewe haina ubaya. Ubaya uko pale daktari mwenye jina ukutani anapokutana na mgonjwa kwa dakika chache na kuwaachia mafundi kutoboa na kukata. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa kurejesha nywele, kilichoanzishwa mwaka 1993, kimefanya kampeni ya muda mrefu dhidi ya desturi hiyo. Maswali yanayofaa yaulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa: nani atachora mstari, nani atatoboa, amewahi kuwapandikiza watu wangapi wenye nywele za kipilipili, na picha zao za baada ya mwaka mzima ziko wapi. Mkalimani awe mtu asiyelipwa kamisheni na kliniki. Ikiwa majibu hayaridhishi, Nairobi, ambako safari ni fupi na madaktari huona nywele za kipilipili kila siku, yastahili kupewa nafasi.

Siku yenyewe ni ndefu, saa sita hadi nane, sehemu yake mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, na sindano za ganzi za mwanzo ndizo zinazouma. Mgonjwa huoga na kula asubuhi kama alivyoelekezwa, huvaa shati la vifungo ili lisipitishwe kichwani wakati wa kulivua, na kwa njia ya kishada kimoja kimoja hunyolewa kisogo au kichwa chote. Kunyoa huku kutangazwe nyumbani mapema, kwa maana katika jamii nyingi za ukanda wa ziwa kichwa kilichonyolewa ghafla ni alama ya msiba, na mama mzazi hapaswi kukiona kwa mara ya kwanza mlangoni. Usiku kadhaa wa kwanza hulalwa kichwa kikiwa kimeinuliwa, na kwa siku kumi hivi magamba ya damu huachwa yadondoke yenyewe kwa kuoshwa taratibu.

Kuosha huko ndiko kunakolifanya suala la maji kuwa zito kwa anayerudi Uvira. Kipindupindu kimekaa katika mji huu kwa miaka mingi, bomba hukauka, na familia nyingi huteka ziwani au mtoni. Maji hayo hayafai kwa ngozi yenye matundu zaidi ya elfu moja, kwa hiyo ni vyema msafiri akae alikopasuliwa mpaka magamba yatoke, au, akirudi mapema, atumie maji yaliyochemshwa na kupozwa ndani ya chombo chenye mfuniko. Kwa wiki kadhaa hapandi pikipiki kwa kofia ngumu inayobana, haogelei, na habebi kichwani beseni la ndagala wala gunia, jambo ambalo kwa mwanamke wa biashara maana yake ni kipato kilichokatika, na ambalo lazima lihesabiwe pamoja na bei ya tiketi. Jua la nyuzi tatu kusini mwa ikweta hulizuia kwa kofia pana iliyolegea. Kati ya wiki ya pili na ya nane nywele zilizopandwa hudondoka karibu zote, na asiyeambiwa hilo hudhani ameibiwa. Mizizi imebaki, huanza kuchipua mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo hayahukumiwi kabla ya miezi kumi na miwili.

Kabla ya kuondoka kliniki msafiri adai ripoti iliyoandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo daktari wa Uvira ataisoma bila msaada: idadi ya vishada vilivyotolewa na mahali vilipotolewa, idadi ya vilivyovunjika, ukubwa wa chuma kilichotumika, kiasi cha ganzi, dawa alizopewa, na picha za kisogo kabla na baada. Usaha, homa au kovu linaloanza kutuna vitashughulikiwa na hospitali iliyo karibu na Rugenge, wala si na walio Istanbul. Na daktari atakayempokea miaka kumi baadaye, awe Bukavu, Moshi au Nairobi, upara ukiwa umeendelea kutanuka nyuma ya nywele zilizopandwa, ataihitaji karatasi hiyo ili aamue kama kisogoni pamebaki cha kuchukua.